Siku Tulipoweka Funguo Mkebeni

Mwanangu, sogea karibu. Kuna maneno mtu anayasema akisimama mbele ya kanisa, na kuna mengine anayatafutia kwanza mtu mmoja wa kuaminika. Haya ni ya aina ya pili, na wewe nimekuamini. Usikimbie kunihukumu. Nipe muda wa kikombe kimoja cha chai, halafu uamue mwenyewe.

Kuna siku moja ya mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili ambayo mpaka leo haijanitoka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, sio kwetu Lodwar. Unajua mambo ya huku. Jua linawaka, vumbi linapanda, na laga, ule mto mkavu, inashuka imejaa maji ya mvua ambayo wewe hukuona hata wingu lake. Mgeni anacheka, anauliza mto huu umetoka wapi. Mwenyeji anakaa chini anangoja.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini, karani wa steji ya gari za Kakuma. Kazi yangu ilikuwa daftari ya zamu. Gari iliyofika kwanza inapakia kwanza, ya pili inangoja, na mimi ndiye naandika. Nilikuwa na kiti cha plastiki kilichokatika mkono mmoja, na kalamu niliyoifunga na uzi shingoni kwa sababu madereva walikuwa na mchezo wa kuificha.

"Karani, niandike wa kwanza," mmoja alikuwa ananiambia kila asubuhi. "Hii sura yangu si ya namba sita."

"Sura yako iko sawa, ni gari ndiyo imechelewa," namjibu. Basi wanacheka, nami nacheka kidogo.

Lakini wakienda, nabaki na daftari. Mimi nilikuwa mtu wa kuja, nimezaliwa upande wa Kitale. Mume wangu alikuwa amevuka kwenda Juba kutafuta kazi ya udereva, na simu zake zilianza kuwa za wiki, zikawa za mwezi, halafu zikanyamaza. Nilibaki na Neema wangu, mtoto wa miaka saba, na chumba kimoja kinachotazama vichaka vya mathenge. Jioni, saa kumi na moja, nilikuwa naenda ngumbaru, maana shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Jumapili naimba kwaya. Nikisema hivyo unaona kama maisha yamejaa watu. Sivyo. Mtu anaweza kusalimiwa na watu hamsini kwa siku na asiulizwe na hata mmoja amekula nini.

Wawili tu ndio walikuwa wananiuliza. Wa kwanza ni Nakiru, mama aliyekuwa anauza chai hapo steji, hatua tano kutoka kiti changu. Mama wa Kiturkana, mrefu, wa maneno machache, hajui kusoma. Alikuwa ananiwekea kikombe bila kuniuliza kama nimeagiza. Wa pili ni Mama Zawadi, mwenzangu wa kwaya. Bwana yake alikuwa tajiri mwenye gari pale steji. Mama Zawadi ndiye mtu wa kwanza Lodwar kunialika nyumbani kwake, akanikalisha kwa kochi, akampa Neema soda. Wewe labda unaona ni kitu kidogo. Mimi nililia njiani nikirudi.

Sasa, hiyo siku. Dereva wa gari ya Baba Zawadi alikuwa Mzee Lokiru, mkongwe wa ile barabara, aliyeiendesha tangu lami ikiwa bado lami. Alifika laga ya Kalobeiyei na abiria, akakuta maji yamejaa. Akasimamisha gari. Baba Zawadi akampigia simu, akamwambia avuke, abiria wa kurudi wanangoja Kakuma.

Mzee akamjibu, "Wewe unaona maji kwa simu?"

Wakalala ng'ambo ile ile, mzee na abiria wake. Asubuhi maji yakashuka, wakavuka, wakafika wote wazima. Lakini mzee aliporudi Lodwar alikuta ameshaachishwa kazi. Aliambiwa ni mzembe na mwoga.

Mwanangu, madereva wa njia ile si watu wa kukubaliana. Wanagombania zamu mpaka naogopa daftari itapasuka. Lakini siku hiyo hakuna aliyegombana. Mzee Lokiru alisimama katikati ya steji na ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Sirudishi kwa tajiri, na siendi nayo kwangu. Nauweka hapa mpaka tuongee." Nakiru akamwaga majani ya chai yaliyobaki kwenye mkebe wake mkubwa wa mafuta ya kupikia, akaupangusa, akaushika mbele yake. Mzee akatia ufunguo. Nao wengine wakaja mmoja mmoja, bila kelele, kila mtu akatia wake. Funguo kumi na moja. Zile gari zilikuwa za zamani, na nyingi zilikuwa zimebaki na ufunguo huo mmoja tu.

Walichotaka kilikuwa vitu viwili. Mzee arudi kazini. Na kuanzia siku hiyo, dereva anayeyaona maji kwa macho yake ndiye aamue kuvuka au kungoja. Sio tajiri aliye Lodwar na simu.

Wakapatana pia juu ya mkebe. Ufunguo utatolewa na mkono ule ule uliouweka, tena watu wakiwa wameona. Mchana mkebe utakaa na mimi karani. Jioni nikienda darasani, utakaa na Nakiru mpaka nirudi niuchukue. Nakiru hajui herufi, basi akafungia kila ufunguo uzi wa shanga wa rangi yake, ili azijue. Ule wa Mzee Lokiru ulikuwa na shanga buluu na nyeupe. Kumbuka hizo shanga, nitakurudisha hapo.

Steji ikanyamaza. Siku ya kwanza ilikuwa kama sherehe, watu wanacheza bao. Siku ya pili watu wakaanza kutazama barabara. Siku ya tatu kulikuwa na upepo na makaratasi tu, na mama wa Sudan Kusini aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kununua bidhaa amekaa juu ya mizigo yake akiimba polepole kwa lugha yao. Mimi nilikaa na mkebe mapajani. Nilijiona mtu mkubwa, sikufichi. Wanaume kumi na moja wameweka riziki yao mapajani mwangu.

Siku ya nne mchana, madereva wote walikwenda ofisini kuonana na matajiri mbele ya mkuu wa wilaya. Nakiru alikwenda kuteka maji. Nilikuwa peke yangu kabisa. Ndipo nikamwona Mama Zawadi anakuja, amejifunga leso kichwani kwa ajili ya vumbi.

"Ee dada, umekonda," akaniambia. "Na Neema mbona simwoni siku hizi? Mlete Jumamosi acheze na wenzake."

Nikafurahi. Tukaongea. Halafu akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu, "Dada, joho za kwaya ziko ndani ya gari yetu, ziko nyuma ya kiti. Tulikuwa tuzipeleke kufua. Jumapili tutavaa nini? Nipe ufunguo nizitoe, nitakurudishia kabla hujaenda darasani."

Nikamwambia, "Ngoja warudi, Mama Zawadi. Tulipatana."

Akanitazama. Hakukasirika. Alihuzunika tu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Sasa mimi na wewe tunaomba pamoja kila Alhamisi," akasema, "na ufunguo wa gari yangu mwenyewe unaninyima kama mwizi?"

Mwanangu, kama angenitisha, ningekataa. Kama angenipa kitu, ningekataa na ningeimba njia nzima nikienda nyumbani. Lakini alishika pale pale palipokuwa wazi. Nilifikiria lile kochi. Nilifikiria Jumamosi, Neema akicheza na watoto wengine. Mkono wangu ukaingia mkebeni.

Saa kumi na moja ufunguo haujarudi. Nikampa Nakiru mkebe, nikaenda darasani. Mwalimu alikuwa anafundisha kugawanya, mimi nasikia sauti tu. Niliporudi kuchukua mkebe nilijiambia ataleta asubuhi, kabla watu hawajaamka sawasawa.

Asubuhi gari haikuwepo. Baba Zawadi alikuwa ameleta dereva kutoka Kitale. Walipakia abiria nje ya mji alfajiri, wakaenda. Na laga siku hiyo ilikuwa imekauka, Mungu alitaka hivyo, wakavuka kama wanavuka uwanja. Mchana gari ikarudi imejaa, ikapita mbele ya steji inapiga honi.

Sijui kama umewahi kuona ukuta wa udongo ukinyeshewa. Haudondoki mara moja. Simu zilianza kulia. Kila tajiri anamwambia dereva wake, kesho hata mimi naleta mtu wa Kitale. Mmoja akaja akachukua ufunguo wake bila kumtazama mtu. Halafu wawili pamoja. Mzee Lokiru akawaambia wengine, "Chukueni, watoto wanakula nyumbani, si hapa." Mpaka saa tisa mkebe ulikuwa mtupu. Mzee akanisalimia kwa mkono, akampa Nakiru mkono, akapanda nyuma ya lori akarudi kwao Lopur kwa mbuzi zake. Hakusema neno baya hata moja. Afadhali angesema.

Ndipo mwenyekiti wa steji akaniuliza mbele ya wote, "Karani, ufunguo wa mzee ulitokaje?"

Sikiliza vizuri nilichojibu, kwa maana hiki ndicho nimekuitia hapa. Nilisema, "Jioni mkebe huwa kwa Nakiru."

Maneno matano tu. Na kila neno lilikuwa kweli. Ukinipeleka mahakamani na Biblia mkononi, hakuna uongo hapo. Lakini niliyatuma yakafanye kazi ya uongo, na yakaifanya vizuri.

Wakageuka wakamtazama Nakiru. Yeye alikuwa anakoroga chai. Hakuinua kichwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja akasema. Mwingine akamwaga chai yake chini, akaweka kikombe juu ya meza taratibu, kwa adabu kabisa, akaondoka.

Kuanzia hapo hakuna dereva aliyekunywa chai kwa Nakiru. Hawakumtukana. Walivuka barabara tu, wakanywa kwa mwingine. Makanga wa gari wakawa wanawaambia abiria, "Hapo msinywe, hiyo ni chai ya matajiri." Abiria wakabeba hayo maneno mpaka Kakuma, mpaka ndani ya kambi. Nakiru alikuwa anafika alfajiri na chupa zake tatu za chai, na jioni anaondoka nazo hivyo hivyo, nzito.

Jumapili nilikwenda kanisani mapema. Nikafungua kabati. Joho za kwaya zilikuwa zimetundikwa zote, zimepigwa pasi. Nikashika moja, nikainusa. Haikuwa na vumbi la gari. Mama Zawadi akaja akasimama kando yangu, tukavaa, tukaimba. Mlangoni tukitoka akaniambia kwa sauti ndogo, "Ni Baba Zawadi, dada. Unajua wanaume." Hakunialika Jumamosi. Hakunialika tena.

Sasa angalia nilivyokuwa. Kila asubuhi nilinunua chai kwa Nakiru. Wakati mwingine vikombe viwili, na cha pili simalizi. Nilijiambia hiyo ni huruma. Nilimwombea kwa magoti mpaka magoti yakauma. Niliomba Mungu awabadilishe madereva wamsamehe. Unaona hilo ombi? Nilikuwa namwomba Mungu amsamehe Nakiru kwa kosa langu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha maradhi yangu ndani ya sala.

Siku moja upepo ulikuwa mkali, hakuna mtu steji. Nakiru akanimiminia, akakaa. Akasema, "Mama Neema, hii watu yote imekwenda. Wewe tu imebaki."

Nikainamisha uso kwenye kikombe. Nakuambia hivi, sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa hapo, goti langu likigusana na goti la mtu anayeniita rafiki.

Nilivumilia hivyo majuma mengi. Mwisho nikafanya kama wanavyofanya waoga, nikatafuta toba ya karibu na nyepesi. Nilimwacha Neema kwa jirani, nikapanda lori la mbuzi mpaka karibu na Kakuma, nikatembea kwenda Lopur kumtafuta Mzee Lokiru. Nilijiambia yeye ndiye aliyepoteza kazi, basi nikimwambia yeye, nimemaliza.

Nilimkuta ndani ya laga iliyokauka, amesimama kwenye shimo la mchanga mpaka kiunoni, anachota maji kwa kibuyu anamwaga kwenye kihori, mbuzi wamezunguka. Nilisema yote nikiwa nimesimama juani. Yeye hakuacha kuchota. Nilipomaliza, akanyoosha kibuyu akanipa maji, nikanywa.

"Umemwambia Nakiru?" akauliza.

"Bado, baba."

"Umepita mlango wa mwenyewe ukaja kwangu." Akachota tena. "Mama, mimi nilipoteza gari. Gari haikuwa yangu. Mbuzi hizi ni zangu, na mimi niko sawa. Yule amepotezewa watu. Utamrudishia watu kwa kuniambia mimi hapa, na mbuzi?"

Nikaanza kulia. Akangoja kidogo, halafu akasema, "Machozi mbuzi hawanywi, iko chumvi." Alisema hivyo bila kucheka, lakini nilijua ananihurumia. Kisha akasema neno ambalo mimi naliita mwalimu wangu wa pili baada ya ngumbaru. "Ulisema uongo wako wapi?"

"Steji, baba. Mbele ya watu."

"Basi ukweli pia uko na steji yake. Simama pale pale, na sauti ile ile. Usiishushe. Kunywa maji ingine, halafu rudi leo. Usilale Kakuma. Ukilala utapata maneno mazuri zaidi, na maneno mazuri ni ya kujisaidia wewe."

Nikarudi. Kesho yake asubuhi, saa ya zamu, gari nne zimepanga na madereva wote wapo, nikasimama juu ya kile kiti changu kibovu. Sikuomba nafasi. Nikasema, "Ufunguo wa Mzee Lokiru niliutoa mimi. Niliutoa mchana, kwa mkono wangu, nikampa Mama Zawadi. Nakiru hakuugusa. Nilimwacha abebe yeye."

Nilidhani watapiga kelele. Mwenyekiti alikuja akanyoosha mkono, nikampa daftari. Akaendelea kungoja na mkono wazi, sikuelewa, mpaka akaonyesha shingo yangu. Nikavua ile kalamu yenye uzi, nikampa. Yule kijana wa sura isiyo ya namba sita alinitazama kama mtu asiyenijua, akaenda kwa meza ya Nakiru. Akasema, "Mama, chai." Na mwingine. Na mwingine.

Nilibaki nimesimama kando. Walipopungua, nikamwendea Nakiru. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya Biblia pia. Akanikata kabla sijaanza.

"Mimi najua," akasema.

"Umejua sasa hivi."

"Hapana. Jioni ile. Uliponipa mkebe nilitazama. Buluu na nyeupe haikuwemo."

Zile shanga, mwanangu. Alikuwa amezifunga kwa vidole vyake. Alijua saa ile ile, kabla ya gari kutoka, kabla ya mtu yeyote. Alikoroga chai mbele ya wanaume wanaomtazama kama mwizi, na alijua.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nani ataamini mimi, aache wewe unajua kuandika?" Akafunga chupa. "Halafu nilisema, huyu ni mtu ya Mungu, atasema kesho. Kesho ikaja. Nikasema, atasema kesho." Akapangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Ulikuja kununua chai kila siku. Kila siku nilifikiri, leo."

 

Nilitoka steji. Nikapata kazi ya kuosha vyombo na kupika kwenye shule moja. Kwaya nikaiacha kwa muda, nikawa nakaa benchi la nyuma. Kwa madereva nilikuwa kama ukuta, wanapita. Mwaka ule ulikuwa mrefu. Neema aliniuliza, "Mama, kwa nini hatuna wageni?" Nikamwambia ukweli wote, akiwa na miaka saba hivyo hivyo. Aliniuliza kama Nakiru alilia. Nikasema sikumwona akilia. Akasema, "Labda alilia nyumbani." Watoto wanaona mbali.

Mwaka uliofuata, wakati kaunti zinaanza na watu wanasema mambo yote yatakuwa mapya, mvua ilinyesha tena milimani. Tajiri mwingine akamlazimisha dereva wake kuingia laga. Gari ikabebwa ikalala ubavu. Watu walitoka wakiwa hai kwa neema ya Mungu, lakini dereva alivunjika mguu. Madereva wakagoma tena.

Nilikuwa nyumbani nachambua maharage. Nikasikia hodi, nikaenda mlangoni. Ni Nakiru, na ule mkebe.

"Ejok," akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok noi, Nakiru."

Akauweka mbele ya miguu yangu. "Umesemekana ukae nayo mchana. Jioni mimi."

"Nani amesema?"

"Wao walisema hapana," akajibu. "Mimi nimesema. Nimewaambia, huyu ameshaungua, anajua moto uko wapi. Yule hajaungua, mimi siwezi kumjua."

Nilirudi steji na mkebe. Wanaume walinipa funguo zao, lakini bila utani, na kila mmoja alitazama Nakiru akifunga shanga kabla hajaachia. Nilistahili. Siku ya tatu mtu alikuja, sitamtaja, ana barua mkononi ya kanisa, na sababu nzuri kuliko joho. Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, "Keti tungoje wenyewe." Aliketi nusu saa, akaondoka. Mpaka jioni mkebe ulikuwa umejaa.

Siku ya sita matajiri walikubali. Iliandikwa na ikasomwa mbele ya watu. Dereva anayeona maji ndiye anayeamua. Nilitumwa Lopur kumwita Mzee Lokiru arudi. Alicheka. Akasema macho yake yamechoka na barabara, lakini amefurahi laga imepewa heshima yake. Kwa hiyo yeye hakurudi. Kuna kitu ukikivunja, hata wote wakikusamehe, kinabaki kimevunjika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na mimi na Nakiru? Utataka niseme tulikuwa dada. Tunasalimiana. Chai yake naipenda. Neema alipofanya mtihani alimletea mbuzi. Lakini hajaniambia tena "wewe tu", wala mimi sijawahi kungoja aniambie. Tunakaa, upepo unapita, kila mtu na kikombe chake.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiwa mpweke, linda mkono wako. Njaa ya kupendwa ni njaa kama nyingine, na aliyeshiba anajua kuinusa. Ukipewa kitu cha watu kukitunza, usikitoe ukiwa peke yako, hata kwa mtu unayeomba naye, hata kwa mama yako. Kama ni jambo jema litangoja wenyewe warudi. Na ukikosea, usitume ukweli nusu ukakubebee aibu yako kwa mwingine. Usinunue chai ya mtu uliyemwibia jina, ukaiita huruma. Usimwambie Mungu peke yake kile ulichotakiwa umwambie jirani. Rudi pale pale, sauti ile ile. Utabaki peke yako, ndiyo. Lakini utakuwa peke yako na mtu unayeweza kukaa naye.

Mungu akutunzie mkono wako na ulimi wako. Akupe mtu wa kukuuliza umekula nini, na akufanye wewe pia uwe wa kuuliza. Ukifika kwenye laga iliyojaa, akupe moyo wa kukaa chini na kungoja.

Ila kuna kitu kimoja nakuomba, na ndiyo sababu nimekuita. Kule Kakuma, na ndani ya kambi, bado wapo wanaosema mama chai wa Lodwar aliuza mgomo. Nimesikia mwenyewe kwa masikio yangu, kwa watu ambao hawajawahi hata kumwona. Neno langu la kwanza lilipanda gari. Hili la pili linatembea kwa miguu, na mimi siwezi kufika kila mahali. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa huko, au mtu anayekwenda huko, mpe habari hii aibebe. Akikosa muda, mpe fupi. Mwambie hakuwa Nakiru. Alikuwa Mama Neema, karani.